Mkono wa Pili Kwenye Skrini

Asubuhi ile hakikuibwa kitu. Laiti kingeibwa, Intisar angejua la kufanya: angepiga kelele, angeita watu, na roho ingetulia. Lakini alipofungua laptopu yake na kuingia kwenye ile kompyuta ya mbali, alikuta kila faili iko mahali pake, isipokuwa jambo moja dogo ambalo mtu mwingine asingelijali. Jana aliiacha video imesimama pale bibi harusi anapoingia ukumbini, mama yake nyuma akipiga vigelegele. Leo ilikuwa imesimama mbele zaidi, kwenye ngoma, juu ya msichana mmoja mrefu aliyevaa gauni la kijani.

"Nimesahau mwenyewe," alijiambia, akairudisha nyuma na kuendelea na kazi.

Baada ya wiki moja msichana wa kijani alikuwa tena pale pale, safari hii amevutwa karibu mpaka uso umejaa skrini nzima. Hapo machale yakamcheza.

Kazi ya Intisar ilikuwa harusi za wanawake. Mji mzima wa Misrata, huko Libya, ulimjua kwa kazi hiyo. Mlangoni pa ukumbi mashangazi wa bibi harusi hukusanya simu za kila anayeingia, na asiyetaka kutoa yake hurudi kwao na zawadi yake mkononi. Kamera zinazopita ni mbili tu, ya Intisar na ya mwenzake Ghalia. Maana mle ndani nywele ziko wazi, mabega yako wazi, na mwanamke ambaye barabarani huoni hata kiganja chake anacheza mpaka wanja unamchuruzika. Bi Nuriya, mama wa bibi harusi huyu, alikuwa amemshika Intisar mkono kwa nguvu siku ile na kumwambia, "Mwanangu, nimekukabidhi sitara za watu. Za kwetu na za wakwe zetu."

"Ziko mahali salama, mama," Intisar alimjibu.

Na mahali penyewe palikuwa Ujerumani, katika jengo ambalo hakuwahi kuliona wala hakujua liko mji gani. Zamani alikuwa akihariri kwenye kompyuta kubwa ya mezani, lakini umeme wa Misrata ulikuwa ukikatika wakati unapojisikia wenyewe, na kila ulipokatika kazi ya siku nzima ilipotea. Ndipo kijana mmoja mwenye duka la kompyuta, jina lake Wisam, akamshauri akodi kompyuta iliyo ng'ambo. Video zote zikae huko, programu ya kuhariri ikae huko, na laptopu yake kongwe ibaki kuwa dirisha tu la kuchungulia. Wisam mwenyewe ndiye aliyempangia kila kitu. Tangu hapo giza likiingia nyumbani Intisar alikuwa akinywa chai yake kwa raha, akijua kwamba kule mbali mashine inaendelea kuunganisha vipande vya harusi bila yeye.

Sasa raha ile ilimtoka. Mashine ikiwa mbali na mtu, nani anajua anayeketi mbele yake?

Aliyemjia akilini kwanza ni Wisam.

Alimkuta dukani amezungukwa na wateja, simu iliyofunguliwa tumbo iko mbele yake. Ghalia alikuwa amemsihi njiani aongee taratibu, lakini Intisar alifika pale damu imeshachemka.

"Wisam, nani mwingine ana funguo za mashine yangu?"

"Ni wewe na mimi tu, dada Intisar. Karibu. Kuna tatizo?"

"Tatizo ni kwamba najua nilipoiacha video yangu. Kuna mtu anaingia humo anatazama wanawake wa watu."

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri chaja aligeuza shingo yote. Wisam aliweka bisibisi chini polepole.

"Unajua unachosema? Watu wamekaa hapa."

"Nimesema kuna mtu anaingia. Kama si wewe, niambie ni nani."

"Mimi nina mama, nina dada," Wisam alisema. "Dada yangu naye huenda harusini. Unadhani mimi ni mtu wa namna gani?"

Akavuta kibodi yake, akabonyeza hapa na pale, akatazama kwa muda, uso ukizidi kuwa mwekundu. Kisha akainua macho.

"Anayeingia hatoki mbali. Anaingia kwa laptopu yako mwenyewe, kwa intaneti ya nyumbani kwako. Mchana. Alhamisi hii, na ile iliyopita."

"Alhamisi mchana mimi niko ukumbini kwenye kazi."

"Basi kaulize nyumbani kwako," alisema Wisam, kwa sauti iliyowafikia mpaka waliosimama kizingitini. "Usije kuniuliza mimi."

Intisar alitoka dukani masikio yakimwaka moto. Ghalia alimfuata nyuma. Walipofika kwenye gari ndipo akasema, "Si utie neno la siri kwenye hiyo laptopu, yaishe?"

"Nikitia sitajua alikuwa nani."

"Na ukishajua utafanyaje?"

Intisar alifungua mlango wa gari akaingia.

Nyumbani kwao kulikuwa na orofa mbili. Juu alikaa yeye, mumewe Munir na binti yao mdogo Yusra. Chini alikaa mama mkwe wake, Hajja Mabruka, pamoja na kitinda mimba wake Haitham, ambaye alikuwa kijana wa kuoa na bado hajaoa. Meza ya kazi ya Intisar ilikuwa chini, sebuleni kwa mama mkwe, kwa sababu betri ya akiba na kisanduku cha intaneti vilikuwa huko. Haitham alishinda kwenye duka lake la vipuri vya magari mpaka jioni. Hajja Mabruka magoti yalikuwa yamemkataa tangu Ramadhani, alishinda juu ya godoro lake na tasbihi yake, na kompyuta aliiita "hilo friji lako." Aliyebaki ni mmoja. Munir alikuwa akifanya zamu ya usiku kiwandani, na mchana hulala sebuleni kwa mama yake, kwa sababu chini kuna ubaridi.

Wazo hilo lilipomwingia Intisar, halikutoka tena.

Alianza kumtazama mumewe kama mtu anavyotazama nyama aliyouziwa na bucha asiyemjua. Munir akicheka na simu yake, anacheka nini? Munir amenyoa ndevu, kamnyolea nani? Alikuwa mume mpole, mzito wa maneno, mtu wa kula na kushukuru, na sasa hata upole wake ulianza kunuka.

"Leo mchana ulilala?" alimwuliza, akimpakulia makaroni.

"Nililala."

"Ulilala vizuri?"

Munir aliinua uso. "Intisar, tangu lini unaniuliza habari za usingizi?"

"Mtu hamwulizi mumewe hali?"

"Huuliza. Lakini hamkazii macho hivyo."

Kisha siku moja Yusra alikuwa akibishana na mama yake kuhusu nguo ya sikukuu, na Munir, bila hata kugeuka kutoka kwenye televisheni, akasema, "Mvalishe ile ya kijani. Kijani kinapendeza kwa msichana."

Sahani nusura imtoke Intisar mkononi. Aliingia jikoni, akafungua bomba, akaacha maji yakimwagika asijue anaosha nini. Kijani! Kati ya rangi zote alizoumba Mungu!

Alhamisi iliyofuata aliweka mtego. Alifunga mabegi ya kamera kama kawaida, akamuaga mama mkwe, akaiacha laptopu pale mezani inapokaa siku zote. Munir alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, mkono juu ya macho. Lakini siku hiyo hapakuwa na harusi. Intisar alikwenda moja kwa moja kwa Ghalia, wakajifungia chumbani, wakaingia kwenye mashine ya mbali kwa laptopu ya Ghalia. Programu ile ilikubali watu wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja kwao, wote wakaona skrini moja na kushika mshale mmoja.

"Usiguse kitu," Intisar alisema. "Tutazame tu."

Walitazama. Skrini ilikuwa imetulia kama ukuta. Ghalia alimimina chai, akatia lozi kwenye glasi, akaanza kusimulia mambo ya dada yake. Intisar hakuwa akisikia. Alikuwa anaomba kitu kisitokee, na papo hapo anaogopa kwamba kisipotokea itambidi aishi na shaka ile maisha yake yote.

Ndipo mshale ukasogea.

Hakuna kati yao aliyekuwa amegusa kipanya. Mshale ulitambaa kutoka pembeni, ukasita, ukapita mahali ulipotaka, ukarudi. Ulikuwa mkono usio na haraka. Ukaifungua harusi ya Bi Nuriya. Ukaisogeza mbele, ukavuka maakuli, ukavuka waimbaji wanawake na matari yao, mpaka kwenye ngoma. Na pale akatokea msichana wa kijani.

"Ee Mola," Ghalia alinong'ona, glasi imemganda mkononi.

Mshale uliichezesha ile sehemu. Ukairudisha. Ukaichezesha tena. Lakini kadiri Intisar alivyotazama, ndivyo kitu kilivyozidi kutomwingia akilini. Msichana alipokuwa akicheza, nywele zikimfunika uso, mkono ule ulipita haraka kama mtu anayeruka kurasa. Ulipokuja kusimama ni pale msichana alipoinama kumbusu bibi mmoja kizee kichwani. Ukasimama tena pale alipopokea sinia zito la vikombe bila kumwaga. Tena pale alipomnyanyua mtoto wa mtu aliyekuwa analia chini ya meza. Kisha ukamvuta karibu, karibu zaidi, ukabaki kwenye meno yake.

Intisar hakuweza kuvumilia. Alifungua kisanduku cha kuandikia majina juu ya picha, na kwa herufi kubwa nyeupe, juu ya uso wa msichana, akaandika: WEWE NANI?

Mshale ukaganda.

Ukaganda muda mrefu hata Ghalia akadhani intaneti imekatika. Halafu chini ya maneno ya Intisar, herufi nyingine zikaanza kutokea, moja baada ya nyingine, bila kosa hata moja, kama za mtu aliyefundishwa kuchapa enzi za mashine za taipu:

Huyu binti ni wa nani?

Ghalia aliangua kicheko mpaka chai ikamtoka puani. "Huyo si mwanaume! Wallahi huyo si mwanaume! Mwanaume gani anaanza na ukoo?"

Kabla Intisar hajapata pumzi, mstari mwingine ukatokea:

Na ukirudi pitia mkate.

*

Hajja Mabruka alikuwa katibu wa shule ya msingi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Jambo hilo Intisar alilijua siku zote, na hata mara moja halikumjia akilini. Alimkuta amekaa kwenye godoro lake, vyombo vya chai mbele yake, uso umetulia kama mtu asiye na deni la mtu. Munir alikuwa bado anakoroma kwenye kochi.

"Mkate umeleta?"

"Mama," Intisar alisema, akijizuia asipige kelele, "umeingia kwenye sitara ya watu."

"Nimeingia na nani? Mimi si mwanamke? Ningealikwa ningewaona wote, na wangeninyunyizia na marashi juu."

"Hukualikwa."

"Hayo ndiyo yanayonikata maini!" Hajja aliweka birika chini. "Kabla ya magoti haya ilikuwa hakuna harusi Misrata bila Mabruka. Sasa nimekuwa kama kabati, napigwa vumbi tu humu ndani. Wenzangu wanachagua wakwe kwenye harusi, wanaona binti anavyokaa, anavyokula, anavyoheshimu wakubwa. Mimi nimchagulie Haitham wapi? Dirishani? Barabarani wote wamejifunika, naona viatu tu. Nimchagulie mwanangu viatu?"

Intisar alikaa chini. Hasira yake ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imepoteza pa kushika.

"Ungeniambia, mama."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Basi."

"Na Haitham? Umemwonyesha?"

Hajja Mabruka alinyanyua birika akaanza kumimina chai kutoka juu, uzi mrefu mwembamba, povu likajaa glasi. Akaimwaga chai ile ndani ya birika, akaimimina tena.

"Haitham hajaona kitu," alisema.

Munir alikuwa ameamka. Alikuwa amekaa, nywele zimemsimama, anawatazama wote wawili. Ilibidi aelezwe, na katika kuelezwa kule, Intisar hakuweza kuficha kwamba wiki zote zile macho yake yalikuwa juu yake.

"Ulidhani ni mimi," Munir alisema.

"Wisam alisema ni mtu wa nyumbani. Mchana. Na wewe ndiye—"

"Ulidhani ni mimi, ukanipakulia chakula, ukaniuliza usingizi." Alivaa viatu vyake bila kufunga kamba. "Ungeniuliza tu, Intisar. Neno moja. Ningekujibu."

Alitoka, hakurudi mpaka asubuhi zamu yake ilipokwisha, na hakuligusia tena. Lakini tangu siku hiyo alihamishia usingizi wake wa mchana orofa ya juu, joto lote lile, mlango wazi kabisa, apate kuonekana.

*

Wazee wa Misrata hawahitaji intaneti. Haikupita wiki, Hajja Mabruka alikuwa amepiga simu kwa huyu na yule, ameuliza nani alikuwa harusini kwa Bi Nuriya amevaa kijani, na siku ya Ijumaa, wote wamezunguka sinia la bazini, ugali wa shayiri na mchuzi wa nyama, akatangaza.

"Nimempata. Anaitwa Arwa. Anafundisha shule ya chekechea. Watu safi, hawana maneno."

Haitham alikuwa akimega tonge. "Yule mrefu?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa amesema habari ya urefu, na mara nyingine Haitham alikuwa akipitia nyumbani mchana kula. Intisar alimtazama mama mkwe, na mama mkwe akawa ana shughuli kubwa sana na kipande cha nyama. Munir naye aliacha kula. Haitham aligundua ukimya, akatazama huku na huku, akazamisha uso kwenye mchuzi.

"Ana kaka mmoja," Hajja aliendelea haraka haraka, "ana duka la kompyuta pale karibu na msikiti. Intisar, si unafahamiana naye wewe? Utatufungulia njia."

Wisam! Intisar alilirudisha tonge kwenye sinia.

Usiku ule hakulala, na asubuhi aliondoka peke yake, bila Ghalia, bila kumwambia mtu. Dukani palikuwa na watu kama kawaida. Wisam alimwona, akainamisha kichwa kwenye kazi yake.

"Wisam, nimekuja kukuomba radhi."

"Uliyasema mbele ya watu," alijibu bila kuinua macho.

Intisar aliwageukia wateja. Walikuwa wanaume tupu, na mmoja alikuwa yule yule mzee wa chaja, au mwingine aliyefanana naye. "Nilimdhania Wisam ubaya," alisema kwa sauti. "Sikuwa na haki. Aliyefanya lile jambo ni mtu wa nyumbani kwangu. Wisam ni msafi."

Mzee yule alitikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa hakimu. Wisam alimwita Intisar pembeni, kwenye ukingo wa meza.

"Ni nani?"

"Mama mkwe wangu. Alikuwa anatafuta mchumba kwa ajili ya mwanawe."

Kidogo Wisam acheke. Kisha swali likamjia, na kicheko kikafa. "Hakuna mwanaume aliyeona?"

Intisar alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi njiani, lakini si kwa hilo. Angeweza kusema hakuna. Hakuna mtu ambaye angejua. Alimwona Wisam anavyomtazama, akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akimtazama Munir.

"Naogopa yupo mmoja. Shemeji yangu. Sina hakika, lakini naogopa."

"Aliona nani?"

"Wisam..."

"Aliona nani, dada Intisar?"

"Dada yako."

Alidhani atampigia kelele. Wisam alibaki amesimama tu, akikunja na kukunjua waya ukingoni mwa meza, na waya ukamkatikia mkononi.

"Nenda kamwambie Bi Nuriya," alisema mwishowe. "Yeye ndiye aliyekuamini. Nenda kamwambie wewe, kabla sijamwambia mimi."

Intisar alisema atakwenda. Lakini miguu ilikuwa mizito, siku zikapita, na kabla hajakwenda, Hajja Mabruka akaamua lake. Hakutaka kusikia la Wisam wala la mtu. Alivaa, akajifunga, akamshika Intisar mkono, akapanda ngazi za kwao Arwa akipumzika kila hatua na kumtaja Mtume. Mama yake Arwa aliwafungulia mlango. Mgeni hafukuzwi, akawaketisha. Lakini chai aliileta mwenyewe, si binti, na sukari ilikuwa kidogo.

"Hajja," alisema baada ya salamu kwisha, "ulimwona wapi binti yangu?"

"Habari za watu wema husambaa."

"Mwanangu ameniambia zilivyosambaa."

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe na Munir, Intisar alimwona mama mkwe wake amekosa neno. Uso mzima ulimshuka, akawa mwanamke mzee tu mwenye magoti mabovu kwenye kochi la watu.

Hapo Arwa akaingia. Alikuwa amejifunika barabara, mpaka soksi za mikono, ndani ya nyumba yao mwenyewe. Akamsalimia Hajja kwa adabu, akakaa mbele yake.

"Hajja, wewe umeshaniona. Umeona nakaa vipi, nacheka vipi, meno yangu yamekaa vipi. Sivyo?"

"Ni mazuri, mwanangu," Hajja alisema kwa sauti ndogo.

"Ahsante. Na mwanao naye ameniona, naambiwa. Basi na mimi nileteeni video yake. Wanaume nao hucheza kwenye harusi zao. Nataka kumwona anavyocheza, anavyokula, anavyosema na wakubwa. Nimrudishe nyuma, nimvute karibu. Nikimaliza nitawapa jibu."

"Arwa!" mama yake alisema, lakini hakusema kwa nguvu.

Wallahi walipeleka. Munir alikuwa nayo kwenye simu, harusi ya rafiki yao, Haitham katikati ya duara akirusha mikono kama anayefukuza nyuki, halafu akigombana na mhudumu kuhusu soda. Haitham alilia aibu, akasema afadhali afe kapera kuliko video ile itoke. Hajja Mabruka ndiye aliyeshikilia. "Haki ni haki," alisema. "Ipeleke."

Jibu lilikuja kabla wiki haijaisha, kwa mdomo wa mama yake Arwa, kwenye simu, kwa upole na kwa ufupi. Hapana.

Haitham alishinda siku nzima hatoki chumbani. Hajja Mabruka hakuuliza tena habari za harusi ya mtu yeyote.

Intisar alikwenda kwa Bi Nuriya siku iliyofuata, na laptopu kwenye begi. Alimweleza yote tangu mwanzo, hakuacha kitu, hata jina la Haitham. Bi Nuriya alimsikiliza akiwa amesimama. Hakumkaribisha kiti.

"Binti yangu yuko kwa mumewe," alisema. "Huko aliko hajui kitu. Nifanyie jambo moja. Zifute zote, mbele ya macho yangu."

Intisar aliifungua laptopu juu ya meza ya chakula. Aliingia kwenye mashine ya mbali, akamwonyesha faili za harusi ile moja moja, akazifuta zote, akafuta na kapu la taka la mashine. Skrini ikabaki tupu. Filamu iliyokamilika alikuwa ameiweka kwenye kidude kimoja kidogo cha kuhifadhia, akamkabidhi mama yule mkononi.

"Sasa hakuna popote?"

"Hakuna popote, mama."

"Na huko Ujerumani? Kwenye hilo jengo?"

"Huko ndiko tulikofuta."

"Umeliona jengo kwa macho?"

"Sijaliona."

"Unawajua wanaolilinda? Wake kwa waume?"

Intisar alitazama ile skrini tupu. Kabla ya hapo aliwahi kuulizwa mambo mengi kuhusu kazi yake, bei, muda, muziki gani uwekwe wapi. Hilo halikuwahi kuulizwa, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

"Hapana, mama. Naambiwa wanaaminika."

"Unaambiwa," Bi Nuriya alisema.

Alikisukumiza kile kidude ndani ya kifua cha nguo yake, akamfungulia Intisar mlango. Binti yake mwingine alikuwa aolewe baada ya msimu wa mizeituni. Kazi hiyo alipewa mwanamke mwingine kutoka mji wa Zliten, ambaye hupiga picha kwa kamera ya kizamani na kuhariri kwenye kompyuta ya mezani, na umeme ukikatika huanza upya.